MTOTO NAYE ANA KAZI YAKE

Sisi wafanyakazi twalipenda neno "kazi". Twalitaja katika mikutano, twaliimba katika nyimbo, na mtu akikutana na mgeni safarini huulizwa kwanza anafanya kazi gani. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kufikiri ya kuwa mtoto mchanga naye ana kazi yake. Kazi hiyo haina mshahara wala chama cha kuitetea. Ni kukaza shingo, kugeuka, kukaa, kutambaa, kusimama, kushika kijiko, kuvaa shati, kuchora mstari juu ya mchanga na kucheza na wenzake. Asiyeweza kuifanya kazi hiyo kwa wakati wake huona shida katika kila kazi itakayofuata, iwe ya jembe, iwe ya kalamu, iwe ya mtambo.

Leo tunataka kusema na wasomaji wetu juu ya watoto ambao kazi hiyo inawashinda, na juu ya wataalamu waliosomea kuwasaidia. Katika utumishi wa serikali yetu wataalamu hao huitwa watoa tiba kwa vitendo. Tangu mwanzo twasema wazi: tiba hii si anasa ya matajiri wa mijini. Ni haki ya mtoto wa mkulima na wa kuli sawasawa na mtoto wa mkurugenzi. Na kila siku inayopita kabla haijamfikia mtoto anayeihitaji ni siku iliyopotea katika umri ambao haurudi.

Elimu hii si ya jana. Mwezi wa Machi mwaka 1917, katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York huko Marekani, watu wachache walikutana wakaunda chama cha kuieneza. Fikra yao ilikuwa nyepesi kueleza, nayo ni hii: mgonjwa hapati nguvu kwa kulala kitandani na kumeza dawa tu, bali hupata nguvu pia kwa kurudishwa kidogo kidogo katika shughuli zenye maana kwake. Vita vikuu viwili vya dunia vilipowarudisha nyumbani askari waliokatika viungo na kuvunjika moyo, elimu hiyo ilizidi kuhitajiwa. Na mwaka 1952 vyama vya nchi mbalimbali vikaungana kuwa shirikisho la dunia nzima. Elimu iliyomrudisha askari katika kazi yake ndiyo inayomsaidia mtoto kuianza kazi yake. Jirani zetu wa Kenya walianza kuwafundisha wataalamu hawa mwaka 1968, na hapa kwetu vijana hufundishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi.

Wengi hudhani ya kuwa tiba hii na mazoezi ya viungo ni kitu kimoja. Hizi ni ndugu, lakini si pacha. Mtaalamu wa mazoezi hushughulika hasa na nguvu ya misuli na mwendo wa mwili. Mtoa tiba kwa vitendo huuliza swali la pili: mkono huu ukisha kunyooka, mtoto ataufanyia nini? Basi humtazama mtoto akila, akivaa, akicheza, akiandika. Kisha huigawanya kazi ile vipande vipande, kama fundi afunguavyo mashine, apate kujua ni wapi hasa inakwama. Kufunga kifungo kimoja cha shati, kwa mfano, kwataka kidole gumba na cha shahada kushika, mkono wa pili kuvuta kitambaa, macho kuongoza, na mwili kutulia wima wakati huo wote. Mtoto akishindwa kufunga kifungo, mtaalamu hasemi "hawezi". Husema ni kipande kipi kimemshinda, akaanzia hapo.

Hapa yatupasa kueleza jambo moja la maumbile. Shuleni tulifundishwa ya kuwa binadamu ana hisi tano. Lakini ziko nyingine zisizotajwa sana, nazo mbili kati yake ni za lazima kwa mtoto anayekua. Ndani kabisa ya sikio kuna viungo vidogo vinavyoueleza ubongo kama mwili umesimama, umeinama au unazunguka. Na ndani ya misuli na maungio ya mifupa kuna mishipa ya fahamu inayoueleza ubongo mkono uko wapi, hata macho yakiwa yamefumbwa. Mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani, mikono yake ikining'inia bila wasiwasi, anazitumia hisi hizo mbili kwa ustadi mkubwa. Mfanyakazi anayevaa na kufunga vifungo gizani umeme ukiwa umekatika, naye anazitumia. Sisi tumezizoea hata tumezisahau. Mtoto sharti ajifunze kuzitumia.

Sasa mfikirie mtoto ambaye hisi hizi hazimletei habari sawasawa. Akishika penseli huikandamiza hata ncha ikavunjika, kwa kuwa mkono haujui unatumia nguvu kiasi gani. Akikaa juu ya benchi huinama, hujiegemeza, mwishowe huanguka. Yuko mwingine ambaye kengele ya shule ikigongwa huziba masikio na kulia, na ukosi wa sare mpya humchoma shingoni kama upupu. Watoto hawa huitwaje katika mitaa yetu? Huitwa wavivu. Huitwa watundu, wakaidi, waliodekezwa. Na dawa tunayowapa wengi wetu ni fimbo. Tunawauliza walimu na wazazi: je, fimbo imepata kumfundisha kipofu kuona? Kama haikupata, basi itaufundishaje mkono usiojijua? Mtoto anayechapwa kwa hati mbaya hujifunza jambo moja tu, nalo ni kuichukia shule.

Kuhusu tiba ya hisi twapenda kusema kweli yote, kwani msomaji wetu si mtoto wa kudanganywa kwa pipi. Bibi mmoja wa California, A. Jean Ayres, aliyekuwa mtoa tiba kwa vitendo, alitoa mwaka 1972 kitabu kilichoeleza jinsi ubongo unavyokusanya habari za hisi, na jinsi shida ya kuzikusanya inavyoweza kumzuia mtoto kujifunza. Tangu hapo bembea, mipira mikubwa na michezo ya kugusa imeingia katika vyumba vya tiba duniani. Lakini wataalamu wenyewe wanaendelea kujadiliana ni watoto gani hasa wanaofaidika na michezo hiyo, na kwa kiasi gani. Lililo na ushahidi wenye nguvu zaidi ni hili: mtoto hujifunza kwa kuifanya kazi ile ile anayoihitaji, mara nyingi, mahali pale pale anapoihitaji, pamoja na mzazi aliyefundishwa namna ya kumsaidia. Anayetaka kujua kula afundishwe kwa kula. Anayetaka kujua kuandika afundishwe kwa kuandika. Basi mtu akija na kifaa cha bei kubwa akaahidi ya kuwa kitamponya mtoto kwa mwezi mmoja, huyo afungiwe mlango. Tiba ya kweli haiahidi miujiza. Huahidi kazi.

Tuje sasa kwa watoto ambao shida yao ni kubwa zaidi, wale wenye mtindio wa ubongo. Hawa ubongo wao uliumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye: pengine mtoto alikosa hewa katika uzazi uliokuwa mgumu, pengine alipata umanjano mkali ambao haukutibiwa, pengine malaria ilipanda kichwani au homa ya uti wa mgongo ilimpata. Si mizimu, si laana, wala si jicho la jirani. Tena wengi hulitumia jina la ugonjwa huo kama tusi, wakidhani kila mtoto asiyetawala mikono na ulimi wake hana akili. Huo ni uongo. Wako wengi ambao mwili umefungwa lakini akili ni nzima; wanasikia kila neno linalosemwa juu yao, nao hawana njia ya kujibu.

Kwa watoto hawa tiba kwa vitendo ni jambo la uhai na mauti, wala hatusemi hivyo kwa kutia chumvi. Katika nyumba nyingi mtoto asiyeweza kukaa hulishwa akiwa amelala chali, kichwa kimerudi nyuma. Chakula badala ya kushuka tumboni huweza kuingia katika njia ya hewa na kufika mapafuni. Mtoto huugua kichomi mara kwa mara, na siku moja hapatikani tena. Mama hakufanya kosa kwa ukatili. Hakuonyeshwa tu. Mtaalamu humwonyesha kumketisha mtoto wima, kiuno na mgongo vimeshikiliwa, nyayo zimekanyaga ubao, kichwa kimeinama kidogo mbele, na kumpa uji mzito kidogo kidogo kwa kijiko bila ya haraka. Somo hilo ni la saa chache tu, nalo huweza kuokoa maisha ya miaka mingi.

Yako mengine mengi ya namna hiyo. Mpini wa kijiko huzungushiwa kitambaa au mpira wa baiskeli, mkono dhaifu upate kuushika. Mtoto mwenye mkono mmoja dhaifu na mmoja mzima hufungwa ule mzima kwa saa zilizopimwa, chini ya uangalizi wa mtaalamu, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi na kuamka. Kiti chenye pembe ya kuegemea humwezesha asiyeweza kukaa kuutazama ulimwengu kama wenzake, mikono yake ikiwa huru kucheza. Na kiti hicho si lazima kitoke ng'ambo kwa meli. Fundi seremala wa mtaani aweza kukitengeneza akipewa vipimo. Hata asiye na fedha za mbao hakosi njia, kwani uko ufundi ulioenezwa kutoka Zimbabwe wa kutengeneza viti kwa makaratasi: maboksi hubandikwa tabaka juu ya tabaka kwa uji wa unga, yakaanikwa juani hata yakawa magumu kama mbao, kisha yakapakwa rangi yasiingie maji. Ndugu msomaji, hata gazeti hili unaloshika, ukisha kulisoma, laweza kuwa sehemu ya kiti cha mtoto.

Na kwa watoto wote, wenye shida na wasio na shida, tusiidharau hazina iliyo nyumbani. Bibi zetu hawakusoma vitabu vya tiba, lakini mtoto aliyebebwa mgongoni kwa mbeleko, mapaja yametanuka, alisikia kila mwendo wa mama yake na kujifunza kujiweka sawa, na nyonga zake zikakua vyema. Msichana anayecheza mdako hurusha kijiwe juu, akachota vingine shimoni, akakidaka kile kabla hakijaanguka; jicho na mkono hufanya kazi pamoja kwa namna ambayo mtaalamu angeitamani. Rede, kuruka kamba, kufinyanga udongo, kuchambua mchele, yote hayo ni shule ya mwili. Twahuzunika kuona watoto wengi wa mjini siku hizi wakinyamazishwa kwa simu kutwa nzima. Kioo cha simu hakina uzito, hakina ukwaruzo, hakirushwi wala hakidakwi. Mkono hauwezi kujifunza mambo ya dunia kwa kuteleza juu ya kioo.

Mzazi atajuaje kama mtoto wake amechelewa au ni tabia yake tu? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2006 vipimo vilivyotokana na watoto wa Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Watoto wenye afya njema hawafanani, na hatutaki kumtia mama yo yote hofu ya bure. Lakini wengi wao walikaa bila ya kushikwa kati ya karibu miezi 4 na miezi 9, na walitembea peke yao kati ya miezi 8 na karibu miezi 18. Kwa hiyo mtoto wa miezi 9 asiyekaa, au wa miezi 18 asiyetembea, apelekwe akaangaliwe. Vivyo hivyo yule ambaye amepita miezi 4 na mikono yake bado imekunjwa ngumi wakati wote, na yule ambaye kabla ya mwaka mmoja anatumia mkono mmoja tu na kuuacha wa pili. Asiwepo wa kumwambia mama, "Subiri, atakua tu." Neno hilo "subiri" limewaponza watoto wengi. Ubongo hujengeka kwa kasi kubwa katika miaka ya kwanza. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji.

Twajua wako watakaotujibu: "Nchi ina mambo mengi. Kuna malaria, kuna maji, kuna barabara. Je, huu ni wakati wa kushughulika na vijiko na vifungo?" Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana mfuko wa umma hauna chemchemi. Lakini tunawaomba wafanye hesabu yote. Mtoto asiyeweza kujilisha wala kujivalisha huhitaji mtu mzima wa kumhudumia kutwa, na mtu huyo mara nyingi ni mama yake, aliyeacha shamba, genge au kiwanda. Basi tumepoteza wafanyakazi wawili, wa leo na wa kesho. Mtoto huyo akijifunza kula, kuvaa na kwenda msalani mwenyewe, mama hurudi kazini na mtoto huenda shule. Nchi iliyofuta ada ya shule ya msingi haiwezi kusema imemfungulia mlango mtoto ambaye hawezi kukaa juu ya benchi la darasa.

Tena jambo hili si hisani. Tanzania iliuridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na ibara ya 26 ya mkataba huo yataka huduma za kumwezesha mtu zianze mapema iwezekanavyo, tena karibu na mahali anapoishi. Mwaka 2010 Bunge letu lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ahadi imekwisha wekwa kwa maandishi. Ahadi ni deni.

Basi twasema mambo manne. Kwanza, katika kila kliniki ya mama na mtoto, siku ile ile mtoto anapopimwa uzito na kuchanjwa, mwuguzi atazame pia jinsi anavyokaza shingo, anavyokaa na anavyoshika, na akiona shida amwelekeze mama mahali pa kwenda. Mizani peke yake haimwelezi mtoto. Pili, kila hospitali ya wilaya iwe na nafasi ya mtoa tiba kwa vitendo, na nafasi hiyo ijazwe. Kijana aliyesomeshwa ujuzi huu akiachwa azunguke mitaani na cheti chake huku watoto wakimsubiri vijijini, hapo tumekosea mara mbili.

Tatu, vyama vya wafanyakazi vinapokaa na waajiri kutengeneza mikataba ya hali bora viwakumbuke wazazi hawa. Tiba hii haimalizwi kwa siku moja. Mzazi hana budi kwenda na kurudi. Mama asilazimishwe kuchagua kati ya mshahara wa siku na mkono wa mwanawe. Na akina baba nao wasikae kando. Wako wanaume ambao wakizaliwa mtoto wa namna hii husema, "Katika ukoo wetu hakuna," wakaondoka. Tunawaambia bila ya kuficha: huo ni utoro, na mtoro wa namna hiyo ni mbaya kuliko yule wa kazini.

Nne, mabalozi wa nyumba kumi na viongozi wa matawi wawatafute watoto waliofichwa ndani. Wasiende kama askari wa kukamata, wala kama watu wa kuja kushangaa. Wabishe hodi kwa heshima, wakae, wasikilize, kisha wamsindikize mama hadi kliniki. Mwanachama asiyejua ya kuwa nyumba ya tatu kutoka kwake kuna mtoto ambaye hajaliona jua mwaka mzima, huyo bado hajaifahamu kazi ya uanachama.

Mkono mmoja haulei mwana. Siku mtoto aliyelishwa miaka mitano na mama yake atakapopeleka kijiko kinywani mwenyewe, uji ukamwagika nusu na nusu ukafika, magazeti hayataandika na ngoma hazitapigwa. Lakini siku hiyo mfanyakazi mpya atakuwa ameanza kazi. Tuhakikishe ya kuwa haanzi peke yake.